Kisa cha Holborn: wote wakisimama, foleni inakwenda

Kuna chemshabongo moja ninayo kichwani miaka mingi na kila nikimtupia mtu anaikosa mara ya kwanza, na mimi pia niliikosa. Iko hivi: stesheni ya treni za chini ya ardhi, watu wanashuka kwa mamia na wote lazima wapande juu kwa ngazi za umeme, utaratibu ni ule wa siku zote wa jiji la London, anayesimama akae kulia, mwenye haraka apite kushoto kwa miguu yake. Chini foleni imejaa mpaka inarudi kwenye pletifomu. Siku moja wakubwa wa stesheni wanasema kuanzia leo hakuna kutembea, simameni wote, kulia na kushoto. Mota haijabadilishwa, ngazi ni ileile, watu ni walewale. Foleni itarefuka au itapungua?

Ukijibu fasta utasema itarefuka, maana umewazuia wale waliokuwa wanakimbiza mambo. Lakini ilipojaribiwa kweli, watu wakahesabiwa kichwa kwa kichwa, foleni ilipungua, na ngazi ileile ikapitisha watu zaidi kwa asilimia 30 hivi.

Stesheni yenyewe ni Holborn, katikati ya London, pale zinapokutana laini mbili kubwa, Central na Piccadilly. Imefunguliwa 1906, enzi hizo watu walipanda kwa lifti, ngazi za umeme zikaja 1933 na tangu hapo ndo koo la stesheni, kila kitu kinapita pale. Miaka ya jaribio hili, 2015 hivi, ilikuwa inapitisha zaidi ya watu milioni 50 kwa mwaka. Mimi nilikaa London miaka kadhaa na asubuhi nilikuwa napita pale kwenda kazini, kwahiyo hili jambo nalijua kwa miguu kabla sijalijua kwa hesabu. Unashuka kwenye treni, unafuata umati kwenye kile kipande chenye kona, na kabla hujaiona ngazi unaisikia, ule mngurumo wa chini kwa chini, alafu watu mnaanza kwenda nusu hatua nusu hatua, kifua chako mgongoni kwa mtu, begi la mwenzio tumboni kwako. Ukifika mdomoni mwa ngazi unaona picha ambayo ndo fumbo lote lilipo: upande wa kulia watu wamepangika kama magunia mpaka juu hupaoni mwisho, upande wa kushoto anapita mmoja, nafasi, nafasi, nafasi, anapita mwingine anahema. Nyuma yako watu mia tatu wamebanana, mbele yako nusu ya mashine iko karibu tupu, na hakuna hata mmoja anayeona ajabu.

Novemba 2015 wakafanya jaribio la wiki tatu. Wafanyakazi wakawa wanawaambia abiria wasimame pande zote mbili, kwa sauti na kwa subira nyingi. Kwa utaratibu wa zamani ngazi moja ilikuwa ikipitisha watu 115 hivi kwa dakika, kwa kusimama wote ikapitisha 151 hivi. Wazo lenyewe halikutoka hewani, walikuwa wameona Hong Kong abiria wanavyosimama pande zote mbili na mambo yanakwenda. Aprili 2016 wakarudia, safari hii miezi sita, wakachora alama za nyayo kwenye vidato na viganja vya mikono kwenye mkanda wa kushikilia, wakaweka na taswira ya mfanyakazi wa kuchorwa kwa mwanga inayoongea na watu. Na hawakuzigusa ngazi zote, waliacha njia kwa wanaotaka kutembea.

Sasa tuingie kwenye kwa nini, maana hapa ndo watu wengi wanapita juujuu. Jibu linalozunguka ni kwamba mtu anayetembea anachukua nafasi kubwa kuliko aliyesimama, anahitaji vidato kama vitatu vya kurushia miguu, aliyesimama anahitaji kimoja au viwili, kwahiyo ukiwasimamisha wanaingia wengi. Jibu hili lina ukweli ndani yake lakini ukilikagua kwa hesabu linatosha nusu ya njia tu, na mimi sikuridhika nalo. Shemeji yangu, mtu wa mahesabu ya duka, nilimtumia hili fumbo kwa sauti kwenye simu akanirudishia palepale: "Shemeji, hapo unanidanganya. Anayetembea anachukua nafasi kubwa sawa, lakini anakaa juu ya mashine nusu ya muda. Anaondoka mapema anaacha nafasi. Si zinafutana?"

Swali zuri kuliko majibu mengi niliyoyasikia. Tukakaa nalo.

Kidato cha ngazi ya umeme kina urefu wa sentimita 40 kufuata mteremko, na kila kimoja kinakupandisha sentimita 20. Ngazi za Holborn zinapanda mita 24 hivi kwenda juu, kwahiyo ukilala nazo kimshazari ni mita 48, vidato 120. Za London zinakwenda haraka kuliko za madukani, karibu mita 0.75 kwa sekunde, maana yake ukisimama tu unafika juu kwa sekunde 64. Na mdomoni pale kila sekunde vinazaliwa karibu vidato viwili, kwa dakika kama 112. Ukisema kila kidato wasimame wawili, kulia na kushoto, ingekuwa watu 225 kwa dakika. Lakini wamepata 151. Kwa nini? Kwa sababu mtu hasimami kwenye kila kidato. Ukimtazama kwa karibu anayeingia, anaweka mguu, anashika mkanda, anakuta mgongo wa mtu uko usawa wa pua yake, anaacha kidato kimoja wazi. Wa nyuma yake labda ana mzee au mtoto wanabanana, anayefuata ana sanduku. Ukipiga wastani inakuja kama mtu mmoja kila kidato kimoja na nusu kila upande, ndo 75 kwa dakika upande mmoja, 150 kwa pande mbili. Inakaa vizuri na walichokihesabu.

Sasa chukua ile 115 ya zamani. Upande wa kulia walikuwa wamesimama kama kawaida, 75. Toa. Kushoto inabaki 40. Upande wa kushoto, wa wenye haraka, wa wanaokimbiza siku, ulikuwa unapitisha watu 40 tu kwa dakika wakati upande wa wavivu unapitisha 75!

Hapo shemeji akanyamaza kidogo. Alafu akauliza, je kushoto kungeweza kupitisha wangapi kama kungejaa watembeaji watupu? Tukahesabu. Mtembeaji wa kawaida anapanda kama kidato kimoja na nusu kwa sekunde, ukijumlisha na mwendo wa mashine anakwenda mita 1.35 kwa sekunde. Mpe vidato vitatu vya nafasi, yaani mita 1.2 toka kwake mpaka kwa wa mbele. Gawanya, anaingia mtu mmoja kila sekunde 0.9, kwa dakika 67. Aliyesimama anaingia mmoja kila sekunde 0.8. Umeona? Tofauti ni ndogo sana, 67 kwa 75. Kwahiyo shemeji alikuwa sahihi, mwendo wa mtembeaji karibu unalipa ile nafasi anayokula. Hadithi ya nafasi peke yake haiwezi kueleza kwa nini Holborn walikuwa wanapata 40 badala ya 67.

Kilichobaki ni kimoja, watembeaji hawatoshi. Kushoto kuna nafasi ya watu 67 kwa dakika, wanajitokeza 40. Na ukiijua ngazi yenyewe huwezi kuwalaumu, mita 24 ni kama ghorofa 7 au 8. Hata mashine ikikusaidia, mtembeaji wetu anafika juu kwa sekunde 36 hivi (mita 48 kwa mwendo wa 1.35), na kwa sekunde hizo anapanda vidato 53 kwa miguu yake, na vidato vya ngazi ya umeme ni virefu kuliko vya ngazi ya nyumbani, kwahiyo ni kama kupanda ghorofa tatu na ushee asubuhi ukiwa na koti na begi. Mwenye goti anasimama, mjamzito anasimama, aliyekesha kazini anasimama, mwenye umri wa mama yangu anasimama. Mapema tu, 2002, uchunguzi wa ngazi hizi za London ulishaonyesha kwamba kadiri ngazi inavyokuwa ndefu ndivyo wanaotaka kutembea wanavyopungua.

Nikitaka kumweleza mtu wa nyumbani simwelezi ngazi ya umeme, namweleza bomba la maji. Mtaa una mabomba mawili. Mmekubaliana bomba la kushoto ni la wenye vidumu vidogo tu, wanajaza fasta wanaondoka, la kulia ni la wenye ndoo. Asubuhi wamekuja watu, wenye vidumu theluthi moja, wenye ndoo theluthi mbili. Dakika chache wenye vidumu wameisha, bomba la kushoto linakauka kwa kukosa mtu, na foleni ya ndoo imefika kwenye ukuta wa msikiti. Anayepita anasema bomba la kushoto linafanya kazi haraka! Ndiyo, linamaliza watu wake haraka. Lakini maji ya mtaa mzima yanachotwa na bomba moja na kipande. Mama mmoja akisogeza ndoo yake kushoto anapigiwa kelele, si bomba lako hilo. Ile nafasi tupu inalindwa na desturi, na aliye kwenye foleni anailinda pia kwa kuogopa macho ya watu.

Tuweke namba ili isiwe maneno. Treni imeshusha watu 600 kwenye ngazi moja, 200 ni watembeaji, 400 ni wasimamaji (hizi 600 nimezichagua mimi ili hesabu iwe nyepesi, uwiano ndo nimeuweka karibu na wa Holborn). Utaratibu wa zamani: watembeaji 200 kwa 67 kwa dakika wanaisha dakika ya 3. Wasimamaji 400 kwa 75 kwa dakika wanaisha dakika 5 na sekunde 20. Toka dakika ya 3 mpaka mwisho, yaani dakika 2 na sekunde 20, kushoto hakuna mtu, nusu ya mashine inapandisha hewa. Gawanya 600 kwa dakika 5.33 unapata 112 na kitu, na Holborn walihesabu 115. Nilivyoiona hiyo namba inakuja karibu hivyo nilifurahi kama mtoto, ingawa si muujiza, maana ile 75 na theluthi ya watembeaji nimezitoa kwenye namba za Holborn zenyewe.

Utaratibu mpya, wote wanasimama: 600 kwa 150, dakika 4 kamili hakuna mtu chini. Umeokoa dakika moja na sekunde 20.

Lakini shemeji si mtu wa kushangilia mapema, akauliza nani amelipa. Na hapa nataka niwe mkweli maana watetezi wa kusimama huwa wanaparukia. Kwa utaratibu wa zamani msimamaji alisubiri wastani wa dakika 2 na sekunde 40 alafu akapanda kwa sekunde 64, jumla dakika 3 sekunde 44. Mtembeaji alisubiri wastani wa dakika moja na nusu, akapanda kwa sekunde 36, jumla dakika 2 sekunde 6. Utaratibu mpya wote wanakuwa sawa, dakika 2 za kusubiri na sekunde 64 za kupanda, dakika 3 sekunde 4. Msimamaji amepata sekunde 40. Mtembeaji amepoteza 58. Kwahiyo yule anayelalamika kwamba mmeniibia muda wangu ana haki, kaibiwa karibu dakika nzima, na mimi nilikuwa mtembeaji, ningekasirika pia. Ukijumlisha wote, faida ya 400 ukitoa hasara ya 200, inabaki kama sekunde 7 kwa kila mtu. Saba! Kwa sekunde saba unaenda kugombana na desturi ya jiji zima?

Shemeji akasema basi kisa kimeisha, haina maana. Mimi pia kwa siku mbili tatu niliona hivyo, nikaiacha.

Kilichonirudisha ni kitu nilichosahau kabisa, kwamba treni haiji moja. Fumbo tulilifanya kama treni imeshusha watu, wakapanda, stesheni ikalala. Holborn hailali. Weka treni ya pili baada ya dakika 5, na ya tatu, na ya nne, kila moja na watu wake 600 kwa mgao uleule. Utaratibu wa zamani wasimamaji 400 wanakuja, kulia kunapitisha 75 mara 5, 375. Wanabaki 25. Treni inayofuata inawakuta, wanabaki 50. Baada ya saa moja, treni 12, umebakiwa na watu 300 chini ambao hawana pa kwenda, na anayeshuka sasa hivi ana dakika 4 za kusubiri kabla hata foleni ya treni yake haijaanza kusogea. Utaratibu mpya kila kundi linaisha dakika ya 4, inabaki dakika moja ya kupumua, hakuna deni. Zile sekunde 7 zilikuwa za kundi moja, ukipanga makundi zinageuka kitu kingine kabisa, upande mmoja foleni inazaa foleni, upande mwingine inafutika kila mara.

Kuna kanuni moja ya watu wa foleni inasaidia sana hapa, aliithibitisha John Little mwaka 1961: wastani wa watu walio ndani ya foleni ni sawa na kasi ya wanaoingia mara wastani wa muda wanaokaa. Haijali wamepangwaje wala nani kaanza. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuitumia kwa macho, ukifika chini ukaona kama watu 300 mbele yako na unajua upande unapitisha 75 kwa dakika, unajua utakaa dakika 4, huna haja ya kumuuliza mtu.

Na sasa rudi kwa yule mtembeaji wetu aliyeibiwa sekunde 58. Ile hesabu ilimpa njia yake safi toka mwanzo, kama vile ana mlango wake peke yake. Hana. Mdomo wa ngazi ni mmoja, korido ni moja, na wale 300 waliobaki wamesimama mbele ya mdomo wote, kulia na kushoto kumechanganyika. Kushoto kwa juu kuko tupu na yeye anakuona kule kutupu, lakini kafungiwa nyuma na migongo ya watu wanaosubiri kulia. Nakumbuka hali hiyo vizuri sana, unanyoosha shingo, unaona vidato vitupu vinapanda kimoja kimoja vinameta pembeni, na huwezi kuvifikia, mbele yako kuna watu sita saba ambao hawataki kutembea na hawawezi kukupisha kwa sababu nao wamebanwa. Kwahiyo foleni ikishafika kiasi fulani mtembeaji anapoteza faida yake yote kabla hajagusa ngazi. Aliyebaki na faida kweli ni yule wa kwanza kushuka toka behewa lililosimama karibu na mlango wa kutokea, na huyo hata ungempa lifti angekuwa wa kwanza tu.

Alafu kuna usalama, ambao kwenye hesabu yangu hauonekani lakini kwa mwenye stesheni ndo wa kwanza. Watu 300 waliobaki chini wanarudi nyuma kuelekea pletifomu, na pletifomu ina ukingo, na treni nyingine inaingia na watu 600. Ikifika hapo huna namna, unafunga mageti ya kuingilia juu, unazuia watu barabarani mpaka chini kupungue. Kwa jicho hilo dakika moja ya kupumua kila baada ya dakika 5 ni mali kubwa kuliko sekunde za mtu yeyote mmoja.

Sasa wapi kisa hiki hakifai, maana nimeona watu wanakibeba kila mahali kama dawa. Ngazi fupi, ya mita 5 au 6, watu wengi zaidi wanatembea bila kufikiri, tuseme karibu nusu. Ukirudi kwenye namba zetu, pande mbili zinalingana pale watembeaji wakiwa asilimia 47 hivi, wanaisha pamoja na wasimamaji, na ngazi inapitisha 142 kwa dakika dhidi ya 150 za kusimama wote, tofauti ya kupuuza, na watembeaji wamefika mapema. Hapo kumzuia mtu kutembea ni kumwonea. Kwa asilimia 40 inapitisha 125. Kwa theluthi moja 112. Ikishuka mpaka mtu mmoja kati ya watano unapata 94, zaidi ya theluthi ya mashine ni pambo. Hivyo kabla ya kuandika bango lolote, simama juu ya ngazi saa mbili asubuhi uhesabu kati ya watu 100 wangapi wamekuja kwa miguu, hicho ndo kipimo, mengine yote yanafuata.

Na mchana saa nane hakuna foleni, mashine ina nafasi tele, sheria ya kusimama wote haikupi kitu ila kumchelewesha mwenye haraka. Faida yote iko kwenye saa za msongamano na kwenye ngazi ndefu, nje ya hapo hakuna kesi.

Japani wamefika mahali palepale kwa njia nyingine. Mkoa wa Saitama umeweka kanuni Oktoba 2021 ya kuwataka watu wasimame kwenye ngazi za umeme, Nagoya wakafuata Oktoba 2023, na sababu kubwa iliyotajwa ni ajali, watu kuanguka na kugongana, na wale wasioweza kushika mkanda isipokuwa kwa mkono mmoja maalum. Hii ya mkono mmoja ilinigusa kwa sababu sikuwahi kuifikiria. Mtu ambaye upande wake wa kulia umepooza, ukimwambia simama kulia umemwambia asishike. Tokyo wanasimama kushoto, Osaka kulia, kwahiyo mtu huyohuyo anakuwa salama mji mmoja na hatarini mji wa pili, na alikuwa amesimama tu.

Holborn yenyewe majaribio yalipoisha utaratibu wa zamani ukarudi. Namba zilikuwa upande wa kusimama, watu hawakuwa. Nikilipima jambo lote naona wenye stesheni walikuwa sahihi kwenye hesabu na walikosea mahali pamoja, ujumbe uliowafikia watu, nadhani, ulikuwa kwamba kusimama ni haraka kwa wote, na mtembeaji anajua kwa saa yake ya mkononi kwamba siku ambayo foleni ni fupi hiyo si kweli. Ungemwambia ukweli wake, kwamba wewe leo utapoteza karibu dakika nzima na yule mama nyuma yako atapata sekunde 40 na treni ya tano kutoka sasa haitakukuta umefungiwa kwenye korido, nadhani wengi wangeelewa, labda si wote. Desturi ya kulia na kushoto London ina zaidi ya miaka mia, ngazi ya kwanza ya umeme kwenye treni zao iliwekwa Earl's Court 1911, na kitu watu walichofundishwa na babu zao hakiondoki kwa wiki tatu za vipaza sauti.

Shemeji bado hajakubali yote. Juzi kanitumia ujumbe kwamba hesabu yangu inadhani msimamaji hatabadilika kamwe, wakati mtu akiona dakika 4 za foleni mbele yake na kushoto kutupu, goti au lisiwe goti, wengine watatembea. Ana hoja, na ndiyo maana wale 300 katika hali halisi wangekuwa pungufu kidogo. Nimemjibu ajaribu mwenyewe, akapande ghorofa tatu za jengo lake la ofisi kwa mwendo wa kidato kimoja na nusu kwa sekunde, na begi mgongoni, alafu aniambie kati ya wenzake kumi wangapi wangefanya hivyo kila asubuhi. Kasema atapima Jumatatu.